Steshenari ya Nyegezi waliojali mpaka vitone vya tasnifu yangu

Jamani kama unaandika tasnifu ya hesabu na uko Mwanza nenda hii steshenari ya Nyegezi, ukishuka stendi unavuka barabara tu. Nyota tano.

Mimi nasoma masters, mantiki na nadharia ya seti, na natafuta nafasi ya PhD maana hii ndo kazi nnayoitaka maishani. Tasnifu yangu inahusu ile nadharia tete ya kontinuamu ya mwanahesabu Cantor, kwamba hakuna seti yoyote yenye ukubwa wa katikati ya seti ya namba za kuhesabia na ya namba halisi (zile zote za desimali). Mwanamantiki Gödel alionyesha aksiomu za kawaida za seti, yaani kanuni za msingi tunazozikubali bila kuthibitisha, kama hazijipingi zenyewe, haziwezi kuikanusha, halafu 1963 Paul Cohen akaonyesha haziwezi kuithibitisha pia, 1966 akapewa Fields Medal, tuzo kubwa ya hesabu. Sasa kwenye kazi kama hii alama ndo kila kitu, ile ya "imo ndani" ikikaa mahali pa "ni seti ndogo ya" hoja yote imekufa.

Mwanzo nilienda steshenari moja huko mjini, wakafungua faili kwa Word, alefu zote, zile alama za ukubwa wa seti zisizo na mwisho, zikawa viboksi, kurasa 96, na hela nimeshalipa. Nililia kweli.

Huyu kaka wa Nyegezi alichukua flashi akasema dada hii ni PDF tuiache hivohivo, akaprinti kwanza ukurasa mmoja wenye alama nyingi akanipa nikague, nikapitisha kidole alefu moja moja, kasifuri kake ka chini kapo. Tumefika ukurasa wa 41 akasimamisha mashine mwenyewe. Pale kuna jedwali la kuonyesha hoja ya Cantor ya 1891, desimali zimepangwa mistari mistari unashuka nazo mshazari unabadili kila tarakimu, unapata namba ambayo haimo kwenye orodha. Akaona kwenye skrini kila mstari unaishia na vitone vitatu ila kwenye karatasi vimekatwa ukingoni. Akaniuliza hivi vya nini, nikamwambia maana yake namba inaendelea bila kuisha. Akasema basi haviwezi kukatwa, akapunguza ukubwa akarudia bure.

Bei ni 100 kwa ukurasa. Kubaindi hadikava waliniahidi siku moja ikawa mbili, umeme ulikatika, hilo naelewa ila wangenipigia simu maana nilitoka Igoma na daladala mbili nikakuta bado. Gamba jeusi, maandishi ya dhahabu yamenyooka kabisa. Nakala tatu za chuo nimeshachukua, ya mama naifuata Jumatatu.