Kuwahi foleni au kulala kidogo: asubuhi ipi inatuliza kichwa?

Nimejaribu zote mbili, Mbagala hadi Posta, Dar es Salaam.

Ukitoka saa 11:30 alfajiri unapata kiti cha dirishani, na foleni bado haijakaza. Saa 12:30 uko ofisini, wa kusalimiana naye ni mlinzi tu. Unakunywa chai ya tangawizi, unaandika kwenye daftari mambo matatu ya siku, na lile gumu unalianza kabla simu hazijaanza kulia. Kwa mtu wa hesabu kama mimi, muda huo wa saa moja na nusu unashinda mchana mzima. Ila usipolala saa 3 usiku, saa 8 mchana unasinzia mezani. Na watoto unawaacha usingizini, jambo ambalo bado linanichoma.

Ukitoka saa 1, umelala vizuri na chai mmekunywa pamoja. Lakini safari ni ya kusimama, kwapa la mtu usoni, na unafika ugomvi wa konda na abiria ungali masikioni. Dakika kumi za kukaa kimya, simu kwenye droo, husaidia kiasi.

Mimi nawahi Jumatatu na siku za kufunga hesabu za mwezi. Nyingine nalala.