Alikuja kunipima presha, akakisikia kifua

Kabla sijamjua huyu binti, mhudumu wetu wa afya ya jamii, nilikuwa nimeshapimwa TB mara tatu. Mara tatu nimetema makohozi kwenye kikopo, mara tatu jibu limekuja hakuna kitu, na kila mara nikarudishwa nyumbani na antibayotiki na maneno yale yale: "Mama, ni baridi hiyo, pumzika." Baridi gani hiyo ya Mombasa, kusi ipo, kaskazi ipo?

Mimi nauza mahamri na mbaazi hapa Majengo tangu 1991. Karai, kuni, na jiko lenye kidirisha cha kupita paka. Naamka kabla ya adhana, na hadi saa mbili asubuhi nimeshavuta moshi wa kutosha mtaa mzima. Sigara sijaitia mdomoni hata siku moja, ndiyo maana sikuwahi kufikiria mapafu. Mapafu nilijua ni ya wavutaji.

Huduma ninayoizungumzia ni ya wahudumu wa afya ya jamii, wale waliokabidhiwa mabegi na simu na serikali Septemba 2023. Kila mmoja huwa na nyumba kama mia moja za kuzungukia. Wetu amekulia mtaa huu huu, amesoma chuo kimoja na binti yangu, kwa hivyo mimi ni mama kwake. Siku ya kwanza alikuja kupima presha tu. Nikawa namweleza habari za wajukuu, na kila maneno matano nasimama kuvuta pumzi. Akaiweka mashine chini.

"Mama, pumzi hiyo ni ya leo au ya siku zote?"

Akaanza kuuliza. Nakohoa tangu lini. Nikitoka hapa hadi Mwembe Tayari napumzika mara ngapi. (Mara sita, na moja ya hizo najifanya naangalia leso dukani.) Napikia nini, kwa miaka mingapi, jiko liko ndani au nje. Katika safari zangu zote za zahanati hakuna aliyewahi kuniuliza habari za kuni. Aliniandikia karatasi ya rufaa, na alipoona siendi, akaja kunichukua mwenyewe.

Hospitali kubwa nilipulizishwa kwenye mashine, nikavutishwa dawa, nikangoja kama robo saa, nikapuliza tena. Daktari alinieleza kwamba wanaangalia hewa inayotoka katika sekunde ya kwanza. Ikiwa haifiki asilimia 70 ya hewa yote uliyoitoa, hata baada ya dawa, njia za hewa zimebanwa. Pumu hufunga na kufungua. Ugonjwa wangu umefunga na haufunguki wote tena. Wao wanauita COPD, yaani ugonjwa wa kudumu wa kubanwa njia za hewa. Haumaliziki, ila unatunzwa. Mpwa wangu alinisomea kwenye simu kwamba kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ugonjwa huu uliua watu milioni 3.5 mwaka 2021, na kwamba wanaoufia kabla ya kufika miaka 70, karibu tisa kati ya kumi ni wa nchi kama zetu. Nikamwambia azime simu ale.

Nilipewa inhela ya bluu, kile kidude cha dawa ya kuvuta, nikaonyeshwa harakaharaka, foleni nyuma yangu ikiwa ndefu. Miezi miwili niliitumia nikaona ni pesa za bure. Sasa hapa ndipo ninapompa huyu binti alama zake zote. Hakuniuliza kama natumia dawa. Aliketi kwenye mkeka akasema, "Hebu vuta nikuone." Nikavuta. Akacheka kidogo, si kwa dharau: "Mama, hii dawa unaulisha ulimi."

Kumbe nilikuwa siitikisi. Nilikuwa nabonyeza kwanza halafu ndiyo navuta, tena kwa kishindo kama mtu aliyeshtuka. Alinifundisha tena tangu mwanzo. Tikisa. Toa pumzi yote nje. Funga midomo vizuri, bonyeza ukiwa ndiyo kwanza unaanza kuvuta, vuta polepole mpaka kifua kijae, kisha ishikilie uhesabu hadi kumi. Ukitaka mara ya pili, ngoja kidogo, tikisa tena. Na kwa sababu vidole vyangu na pumzi yangu havipatani, akanitengenezea chupa ya maji ya nusu lita: akatoboa kitako kwa waya wa moto, tundu la kutosha mdomo wa inhela, akaziba pembeni kwa gundi. Dawa inaingia kwenye chupa, mimi navuta mdomoni mwa chupa bila papara. Nilidhani ni ufundi wa mtaani, kumbe madaktari wa Cape Town waliipima chupa ya namna hii kwa watoto wenye pumu, wakaandika mwaka 1999 kwamba inafanya kazi sawa na chombo maalumu cha kuvutia inhela kinachouzwa dukani. Naiosha kwa maji ya sabuni na kuiacha ikauke yenyewe, siifuti kwa kitambaa.

Wiki ile ile niliona tofauti. Miezi miwili dawa ilikuwa ndani ya nyumba, kilichokosekana ni mtu wa kunitazama nikiivuta.

Mengine aliyonifundisha ni madogo lakini nayatumia kila siku: kutoa pumzi kwa midomo iliyobanwa kama anayepoza uji, kuinuka na kukaa kwenye kiti mara kumi asubuhi na jioni, kutembea kila siku hata kama natweta, maana kukaa tu kunadhoofisha miguu, na miguu dhaifu inakula pumzi zaidi. Mwembe Tayari sasa napumzika mara mbili. Leso bado naziangalia.

Lawama nazo ninazo. Ya kwanza si yake peke yake, ni ya mtaa. Alivyoanza kuja na begi lake kila wiki, majirani wakasema nina TB. Wateja wangu watatu wa kila asubuhi wakahamia kwa mwingine. Nilimwambia asije tena. Badala ya kubishana akaomba nafasi kwenye chama chetu cha kina mama, akaeleza moshi unavyofanya kazi kifuani, akawapulizisha wote puto waone nani anachoka haraka. Wateja wawili walirudi. Wa tatu simtaki.

Ya pili ni begi lenyewe. Lina kipima presha, cha sukari, kipimajoto, mizani. Cha mapafu sijaona humo, hata kile kidude cha kubana kidole kupima oksijeni. Inhela hana, na zahanati ninayokwenda mara nyingi imekwisha, kwa hivyo nanunua dukani kwa pesa yangu. Naye posho ya kazi hii ni shilingi 5,000 kwa mwezi. Kwa nyumba mia moja, ukiniuliza mimi, ni dharau.

Ya tatu, "acha kuni" ni rahisi kumwambia mtu asiyeuza mahamri. Nilijaribu gesi. Mtungi mdogo uliisha kabla ya wiki, faida yote ikaondoka nayo. Tukapatana hivi: chai na chakula cha nyumbani ni gesi, karai limehamia uani, nimekaa upande upepo unakotoka, na mjukuu wangu haji karibu. Daktari angetaka zaidi. Kodi nayo inataka.

Julai, kwenye mvua na baridi ya kusi, nilishikwa vibaya. Alikuwa ameshanichorea kadi ya rangi tatu na kuibandika mlangoni. Kijani ni hali yangu ya kawaida. Njano ni makohozi yameongezeka au yamegeuka rangi na pumzi imepungua: kliniki siku hiyo hiyo. Nyekundu ni midomo kuwa ya samawati au kushindwa kumaliza sentensi: hospitali, usingoje asubuhi. Niliamka njano, nikataka kumaliza unga kwanza. Binti yangu akaiangalia kadi, akampigia mhudumu simu, na saa moja baadaye tulikuwa kwenye tuk-tuk. Nilivutishwa dawa kwa mashine, nikapewa vidonge vya siku tano, nikalala nyumbani kwangu usiku huo. Mwaka uliotangulia, shambulio kama hilo lilinilaza siku tisa.

Kwa anayetaka: huduma yenyewe ni bure, ukiombwa pesa ya kutembelewa kataa. Uliza zahanati ya karibu nawe au mzee wa mtaa, watakwambia mhudumu wa nyumba zenu ni nani. Akija mtajie unapikia nini na kwa miaka mingapi, hata asipouliza. Na inhela kama unayo, usimwonyeshe tu. Ivute mbele yake.