Siku moja ya kutembezwa Mombasa na bluzi usiku: nilicholipia na nilichopata

Nimezaliwa Changamwe, na Fort Jesus, ile ngome kongwe ya Mombasa, nilikuwa nimeingia mara moja tu maishani, darasa la sita, tukiswagwa na mwalimu aliyeogopa kuachwa na basi. Kwa hiyo shangazi yangu alipokuja kutoka Tanga mwezi uliopita, niliona haya kumzungusha madukani Nyali. Nikalipia ziara ya siku nzima: asubuhi kwa miguu, chakula cha mchana, gari la kuzunguka mjini, na usiku meza kwenye mkahawa wa ng'ambo, juu ya maji, penye bendi ya bluzi, ule muziki wa Wamarekani weusi. Elfu sita mia tano kila mtu. Kampuni siitaji, maana yapo ya kulalamikia.

Asubuhi haikuwa na kasoro. Kiongozi wetu, kijana wa Kibokoni, hakutukimbiza. Alitushikisha kwanza mawe ya matumbawe ya ukuta, ndipo akaanza hadithi: Wareno wakijenga tangu 1593 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, Waomani wakiizingira ngome 1696, nayo ikidumu hadi 1698. Hayo nilikuwa nimeyasoma. Ambayo sikuyajua ni michoro ya askari wa Kireno waliokuwa humo, meli na watu wamejazana ukutani, kazi ya vijana waliochoka kukaa lindo. Tulipoambiwa kwamba Waingereza waliifanya ngome hiyo jela hadi 1958, shangazi akauliza: "Na hao wafungwa, bahari walikuwa wakiiona?" Kiongozi alikuna kichwa, akacheka, akakiri kwamba hajawahi kuulizwa.

Kutoka hapo tukaingia Ndia Kuu. Akaanza kumfafanulia shangazi kwamba kwa Kimvita "ndia" ni njia, naye akamkatiza: "Mwanangu, mimi wa Tanga, si wa Ulaya." Basi wakawa marafiki. Msikiti wa Mandhry na mnara wake uliochongoka, milango ya nakshi, bandari ya zamani, vyote tuliviona kwa mwendo wa mtu mzima, na kituo cha kahawa tungu na kashata katikati.

Mchana sina mengi ya kusema. Mapembe ya Moi Avenue, zile sanamu za pembe za ndovu juu ya barabara, dakika tano, gari likiwa halijazimwa. Pale ufukweni Mama Ngina tulinunua madafu, na dereva akapiga honi kabla hatujafika kwenye nyama ya nazi. Chakula kilikuwa kuku wa kukaanga. Kuku! Mombasa hii, na asubuhi hiyo hiyo tumepita soko la samaki.

Usiku tuliambiwa saa mbili. Bendi ilianza saa tatu na nusu, na meza yetu ilikuwa ubavuni mwa spika. Niliomba tuhamishwe, tukahamishwa upande wa jiko. Angalau hapo tulisikiana. Walikuwa watano: magitaa mawili, besi, ngoma, na mzee mmoja wa kinanda cha mdomo. Mpiga gitaa mkuu alieleza kidogo kabla ya kuanza, na ninamshukuru kwa hilo. Mstari unaimbwa, unarudiwa, wa tatu unaujibu, na chini yake gitaa linazunguka baa kumi na mbili, yaani vipimo vya mapigo, kisha linaanza tena. Akamtaja mwanabluzi Muddy Waters, aliyetoka mashamba ya Mississippi akahamia Chicago mwaka 1943, na kelele za vilabu vya huko zikamfanya aunganishe gitaa na umeme ili asikike.

Halafu akavaa kipande cha shingo ya chupa kidoleni, akakiteleza juu ya nyuzi. Mie nilikuwa nimekuja na wasiwasi kwamba shangazi atasinzia. Lakini yeye ni mtu wa taarabu ya Tanga, ya enzi za vikundi vya Black Star na Lucky Star, na taarabu ile ilikuwa na magitaa. Aliweka kijiko chini. "Huyu gitaa lake linaghani," akasema. Wimbo wa tatu alikuwa akiutangulia mstari wa majibu kwa kichwa, na Kiingereza chake ni cha kuombea maji.

Kisha meneja akamnong'oneza mpiga besi, na karibu saa nzima ikaliwa na zile nyimbo za kukaribishia watalii tunazozisikia kila lango la hoteli. Bendi yenyewe ilizipiga kama mtu anayejaza fomu. Meza za mbele zilipoondoka, saa tano hivi, wakarudi kwenye bluzi, taratibu, mzee wa kinanda akiongoza. Hizo nyimbo nne za mwisho peke yake ningezilipia elfu tatu.

Tulipotoka gari la kampuni halipo, ingawa tuliahidiwa kufikishwa mlangoni. Simu haikupokelewa. Tukapanda tuktuk, mia nane, na sikurudishiwa hadi leo.

Asubuhi naipa nyota tano, mchana mbili, bendi nne, kampuni moja. Ningerudia hivi: ningemtafuta kiongozi mwenyewe pale langoni pa ngome, samaki ningejilia Mji wa Kale, na mkahawani ningekwenda kivyangu saa nne usiku. Kina mama wachukue mtandio wa kutembelea Mji wa Kale, na ukifika kwenye bendi, omba meza ya upande wa jiko.