TAHADHARI: "Asali ya wanaume" inayozungushwa Tabora. Nimelazwa kwa ajili yake

Mwangaluka ndugu zangu. Naandika kwa wanaume wa Tabora mjini, Sikonge, Urambo, Kaliua, na kwa wake zao pia. Kuna watu wanazunguka wakiuza "asali ya wanaume". Msinunue. Mimi nimenunua mara mbili, nimewapa jumla ya shilingi 175,000, na nimeishia wodini.

Nina miaka 51. Kazi yangu ni nyuki, mizinga yangu iko upande wa Sikonge, na asali naijua tangu ikiwa kwenye sega. Ndiyo maana jambo hili linaniuma mara mbili.

Tangu mwaka jana nguvu za kiume zilianza kunipungua. Mara inasimama halafu inalala katikati, mara haiamki kabisa. Mama watoto hakusema kitu, na mimi sikusema kitu, tukawa tunalala tumepeana migongo. Tangazo likapita kwenye kundi la WhatsApp: asali safi ya Tabora na mizizi saba, siku 14 unarudi ujanani. Nilimpigia yule mtu usiku, nimesimama nje chini ya mwembe ili nisisikike ndani. Alikuwa na maneno matamu, ananiita mzee wangu kila sentensi.

Akaniita kwenye chumba cha kupanga jirani na stendi kwa ajili ya "kipimo cha mwili mzima", shilingi 10,000. Unashika kichuma chenye waya, waya umeingia kwenye kompyuta, dakika moja karatasi inatoka. Yangu ilisema mishipa ya uume imelegea kwa asilimia 68, chanzo ni punyeto ya ujanani. Niliona aibu hadi nikashindwa kuuliza swali. Wiki kadhaa baadaye shemeji yangu, kijana wa miaka 27, akanikiri kwamba naye alipita pale. Tumeziweka karatasi zetu mezani pamoja: asilimia 68, punyeto ya ujanani, hata neno lililokosewa herufi limekosewa mahali palepale. Hakuna mashine ya kusoma mishipa yako kupitia kiganja, ndugu zangu. Hakuna.

Kopo la kwanza 45,000. Lilifanya kazi, sitawadanganya. Usiku ule ule. Kichwa kiliniuma, uso ukawa wa moto, pua ikaziba, na taa ya chumbani niliiona kama ina ubuluu. Nilipomwambia, akasema ni sumu inatoka. Lilipoisha, hali ikarudi ilipokuwa, akaniuzia la pili kwa 120,000, "la kukomaza", niongeze hadi vijiko viwili. Akaniambia pia niache vidonge vya presha, eti vinagombana na mizizi. Sikuviacha, kwa sababu mama watoto huniwekea kila asubuhi pembeni ya kikombe cha chai. Ila hapo nilitakiwa nishtuke. Mtu yeyote anayekwambia uache dawa ya daktari ili yake ifanye kazi, mkimbie.

Usiku wa vijiko viwili nilianguka mlangoni mwa choo. Hospitali walipima presha wakakuta imeshuka mno, 84 kwa 50. Daktari, binti mdogo kwa mwanangu wa kwanza, akaniuliza nimekunywa nini. Nikasema sijanywa kitu. Akauliza tena, taratibu, akasubiri. Nikamwambia yote.

Akanieleza kwamba dalili zangu zinafanana na za mtu aliyemeza sildenafili kwa wingi, ile ambayo wengi tunaijua kwa jina la Viagra. Ni dawa halali, Marekani iliidhinishwa mwaka 1998, na daktari anaweza kukuandikia. Lakini huandikwa kwa kipimo, miligramu 25, 50 au 100, baada ya kuulizwa kuhusu moyo wako na dawa unazotumia. Ukiwa unatumia dawa ya moyo ya jamii ya naitreti, kama ile ya kuweka chini ya ulimi kifua kikibana, ukachanganya na hii, presha inaweza kuporomoka ukafa. Kwenye kopo la asali hujui umemeza kiasi gani. Na mtindo huu si wa Tabora tu: Julai 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilizionya kampuni 4 zilizokuwa zikiuza asali za aina hii, maabara ilikuta humo sildenafili na ndugu yake tadalafili, ambazo hazikuandikwa kwenye lebo.

Niliporudi nyumbani nikachukua kijiko cha lile kopo nikakoroga kwenye maji ya uvuguvugu. Asali iliyoganda huyeyuka yote. Hii iliacha chini unga mweupe kama chokaa, ukiusugua kwa vidole unakwaruza. Mimi mfugaji wa nyuki nilikuwa nimelamba unga huo wiki tatu bila kuuangalia.

Sasa sikilizeni kilichonifanya niandike, maana hela nimeshasamehe. Asubuhi ile wodini walinipima sukari kabla sijala: 14.2. Kuanzia 7 kabla ya kula tayari ni kisukari. Kumbe kule kuamka usiku mara nne kukojoa na kiu isiyokwisha nilikoita uzee, kilikuwa kisukari, na huku kulegea kulikuwa sehemu yake. Uume unasimama kwa damu. Hamu ikija, mishipa inatanuka, damu inajaa na kubanwa isirudi haraka. Na ili itanuke lazima kuta zake zilegee. Yaani yule tapeli aliniuzia dawa ya "mishipa iliyolegea" wakati shida ni mishipa isiyotaka kulegea. Sukari, presha, sigara na mafuta kwenye damu huiharibu, na sukari huharibu hata mishipa ya fahamu. Mishipa ya kule ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo mara nyingi hulalamika kwanza, pengine miaka kabla kifua hakijabana. Mimi mwili wangu ulikuwa unaniita, na wiki zote hizo nilikuwa nalipa mtu anizibe masikio.

Wengine kwao si sukari. Kuna pombe, kuna mawazo na madeni, kuna sonona, kuna homoni kushuka, kuna baadhi ya dawa zenyewe za presha (usiziache, mwambie daktari akubadilishie). Shemeji yangu huwa anaamka alfajiri imesimama vizuri tu, ila akiwa na mkewe inagoma. Daktari alimwambia hiyo mara nyingi ni hofu, mabomba hayana shida, wakaitwa wote wawili wakazungumza. Hakupewa kidonge hata kimoja.

Mimi niko kwenye vidonge vya sukari, natembea kila jioni, na baada ya kupimwa moyo nimeandikiwa vidonge halali vya kunywa kama saa moja kabla. Havileti hamu, hamu ni yako. Nimeambiwa pia ikisimama zaidi ya saa 4 bila kulala nikimbie hospitali, maana inaweza kuharibika moja kwa moja. Muuzaji hakuwahi kuniambia hilo.

Nilipomdai hela yangu akabadilika. Alisema atatuma mazungumzo yetu kwa mke wangu na kwa watu wa kanisani. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mtaji wake ni aibu yetu. Usiku huo nilimweleza mama watoto kila kitu, simu nikamkabidhi asome mwenyewe. Alilia, akaniuliza kwa nini sikumwambia mapema. Yule mtu sijamjibu tena.

Chumba cha stendi kimefungwa. Nasikia wameonekana Urambo na Kaliua, lebo wamebadilisha, kichuma na kompyuta ni vilevile. Kopo langu la pili limebaki nusu, nimelifunga kwenye mfuko na karatasi ya kipimo na meseji za miamala, Jumatatu napeleka TMDA, mamlaka ya dawa ya hapa kwetu Tanzania. Kama unalo lako usilimwage wala usilimalizie. Niandikie faraghani twende pamoja, jina lako sitalitaja kwa mtu.