Darubini ya mtumba ya Kadutu: inatosha kwa ndege wa Kahuzi?

"Mama Mwalimu, hii inaona mpaka Rwanda." Ndivyo muuzaji wa Kadutu, mtaa wa hapa Bukavu, alivyonisifia mali yake. Nikamwambia Rwanda hata macho matupu yanaiona, mto wa mpakani, Ruzizi, si huo hapo chini? Akacheka, akashusha kutoka dola 50 hadi 35. Ndiyo hii ninayoizungumzia: darubini ya macho mawili, 8×42, jina la kampuni limeshafutika, mpira wa kuegemeza jicho la kushoto umechanika. Nafundisha biolojia sekondari hapa Bukavu, na nina klabu ya wanafunzi wanaoandika ndege wa upande wa Tshivanga, lango la Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, kila njia inapokuwa salama. Kwa kazi hiyo na kwa bei hiyo, sijaona inayoishinda.

Kwenye namba ndipo watu wanapoibiwa. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Gawa ya pili kwa ya kwanza, utajua upana wa mwanga unaofika jichoni. Yangu inatoa milimita 5 na kidogo. Zile ndogo za mfukoni, 10×25, zinatoa 2.5 tu. Juani saa sita mchana hutaona tofauti. Ingia nayo chini ya miti ya Kahuzi asubuhi, ukungu bado uko kwenye mianzi, utaona ndege wote ni weusi.

Na huku kwetu bila rangi hujaona kitu. Chukua chozi wawili, wale ndege wadogo wanaonyonya maua. Cinnyris regius, ambaye ni wa kawaida, dume lake lina kifua chekundu na manjano ubavuni. Cinnyris rockefelleri, wa milima mirefu ya mashariki ya Kongo na aliye kwenye orodha ya ndege walio hatarini, hana manjano hayo. Mwanafunzi asiyeuona ubavu ataandika ndege adimu ambaye hakuwapo, na hapo daftari zima linatiliwa shaka. Kisha kuna yule aliyepewa jina la Grauer, Pseudocalyptomena graueri: mdogo, wa kijani ndani ya majani ya kijani, koo la buluu hafifu. Duniani kote anajulikana sehemu tatu: milima ya Itombwe, milima hii ya magharibi mwa Ziwa Kivu, na Bwindi kule Uganda, basi. Hupenda kufuatana na makundi ya ndege mchanganyiko, yanayopita juu ya kichwa chako na kutokomea kabla hujamaliza kunyoosha kidole. Hapo 8× inaipiga 20× vibaya, maana inaonyesha eneo pana na haitetemeki sana mkononi.

Duka moja la Ibanda lilinitolea mpya, ndani ya boksi, imeandikwa 60×60. Sitalitaja. Niliielekeza kwenye antena ya mlimani, nikaona antena mbili. Jaribio hilo lifanye popote unaponunua, macho yote mawili wazi. Halafu igeuze, chungulia kwa upande wa vioo vikubwa ukielekea kwenye mwanga: ukiona nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, ni kuvu, irudishe.

Kasoro ninazo. Ni nzito shingoni kwa mtoto wa darasa la chini. Ndege akiwa karibu, kwenye vichaka vya pembeni mwa njia, inagoma kumwonyesha wazi, inabidi urudi nyuma hatua kadhaa, na wewe ukirudi naye anaruka. Unyevu wa hapa nao hauna huruma. Naihifadhi kwenye kopo la maziwa ya unga pamoja na vile vifuko vya kukausha vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Mzazi mmoja aliniuliza kwa nini pesa ya klabu iishie kwenye ndege. Hifadhi ile ipo tangu 1970, na tangu 1997 imo kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia ulio hatarini. Miti inakatwa ili tupate makaa ya kupikia, na ninayasema haya nikiwa na gunia jikoni kwangu. Bila kuandika nani alikuwa anaimba pale mwaka jana, utaonyesha nini kimepotea? Mwaka 2024 ilipotangazwa kwamba Prionops alberti, mweusi mwenye kishungi cha manjano, amepigwa picha Itombwe kwa mara ya kwanza baada ya karibu miaka 20 bila kuonekana, wanafunzi wangu waliuliza swali moja tu: wenzetu walikuwa na darubini gani?

Kwa hiyo, ukienda Kadutu tafuta 8×42, au 7×50 ukivumilia uzito. Usizidi dola 40 kwa mtumba. Zile 10×25 waachie wanaokwenda kutazama mpira Stade de la Concorde.