Bunduki ya XRF kwenye mawe ya kwatzi: uzoefu wangu

Tumekuwa tukikodi bunduki ya XRF, yaani kifaa cha mkononi kinachotumia eksirei kutambua elementi zilizomo kwenye jiwe, pamoja na fundi wake, kupimia kwatzi (quartz, jiwe la silika linalotengenezewa vioo) ya eneo letu upande wa Uluguru. Wachimbaji wenzangu wengi wananiuliza kama inafaa, kwa hiyo naandika kwa kirefu. Kwa anayeuzia viwanda vya chupa na vioo, kifaa hiki ni mkombozi. Kwa anayeota soko la silikoni ya sola na vifaa vya elektroniki, namba zake zisimtie tamaa hata kidogo.

Kwanza sifa zake. Ukubwa wake ni kama drili ya fundi seremala. Unaikandamiza mdomo kwenye jiwe, unabonyeza, unasubiri kama dakika moja, skrini yake inakuonyesha kilichomo. Adui wa kwanza wa kioo cheupe ni chuma, na chuma bunduki hii inakiona vizuri. Chupa nyeupe zinataka oksaidi ya chuma isizidi takribani asilimia 0.03, kioo cha dirisha kinavumilia hadi kama 0.1. Kwa viwango hivyo unaweza kukaa palepale kwenye rundo na kutenganisha mawe ya kwenda na ya kubaki. Sisi tuligundua haraka kwamba kiini cha mwamba, pale katikati palipo peupe tupu, ni kisafi kuliko pembeni kwatzi inapogusana na madini mengine, felspa na ulanga. Kwa macho mawe yote yalikuwa meupe. Tulikuwa tunayachanganya kwenye lori moja, na tofauti hiyo ndiyo iliyokuwa inatushushia bei.

Lakini lazima ujue inapima nini. Inasoma ngozi ya jiwe tu, hata milimita moja ndani haifiki. Siku moja jiwe safi la kiini lilitoa chuma kingi ajabu. Fundi akaligeuza juani, tukaona mchirizi mwembamba wa kijivu, unang'aa kidogo kama alama ya penseli: ni nyundo iliyolipasua. Akasogeza mdomo wa bunduki pembeni kidogo, akapima tena, chuma kikashuka kabisa. Tangu hapo uso wa kupimia tunaupasua kwa kugonga kwatzi kwa kwatzi, tunauosha kwa maji safi, tunaukausha, ndipo tunapima. Na hatupimi sehemu moja. Jiwe moja linapigwa pande kadhaa, maana tope jekundu hujificha kwenye nyufa.

Sasa niseme juu ya ile 99.9, kwa sababu inaumiza watu. Skrini ikiandika silika asilimia 99.9, dalali anapiga picha, anaituma kwa mnunuzi ng'ambo, na kijiji kizima kinaamini tumeukata. Fanya hesabu. Asilimia 0.1 iliyobaki ni sehemu 1,000 za uchafu katika kila milioni. Kwatzi ya usafi wa juu, inayotengenezewa vyungu vya kuyeyushia silikoni, hairuhusiwi kuzidi jumla ya sehemu 50 kwa milioni. Ile ya Spruce Pine, North Carolina, ambayo dunia nzima inailinganishia, baada ya kusafishwa kiwandani ina aluminiamu kama sehemu 16 tu kwa milioni. Bunduki ya mkononi haiwezi kabisa kupima aluminiamu ya kiasi hicho. Sodiamu, lithiamu na boroni haizioni hata zikiwa nyingi, maana ni elementi nyepesi mno kwake. Yaani vitu vinavyoamua bei ya daraja la juu ndivyo vilivyo nje ya uwezo wake. Ndiyo maana nilimkatalia mkodishaji mmoja aliyetaka kutuandikia "cheti cha usafi" kwa kutumia namba za bunduki. Cheti hicho mnunuzi makini atakichana, na jina la eneo lenu litachafuka nacho.

Kuna na mambo ambayo hakuna bunduki itakayokwambia. Weupe wa maziwa kwenye kwatzi mara nyingi unatokana na vitone vidogo sana vya maji ya chumvi vilivyonaswa tangu jiwe linaumbika. Kwenye tanuru vinapasuka na kuacha mapovu. Wala uangavu si ushahidi wa usafi: aluminiamu iliyojibana ndani ya umbo lenyewe la fuwele haionekani kwa macho na haitoki kwa kuoshwa na asidi.

Kuhusu usalama sina mzaha. Hii ni mionzi ya eksirei. Usishike jiwe mkononi likipimwa, usiruhusu mtu asimame mbele ya mdomo wake, na watoto wakae mbali. Kabla ya kulipa, muulize mkodishaji kibali chake kutoka Tume ya Nguvu za Atomiki. Akianza kujikanyaga, tafuta mwingine.

Utaratibu wetu sasa ni huu: bunduki inachambua rundo, kisha mawe bora tu yanakwenda maabara kwa kipimo cha ICP-MS, ambacho kinahesabu elementi mojamoja hadi chini ya sehemu moja kwa milioni. Ni ghali zaidi, ila ukishachambua, unalipia sampuli chache. Waandikie maabara mapema kwamba sampuli isagwe kwenye kinu cha akiki, jiwe gumu ambalo nalo ni silika. Kinu cha chuma kitaongeza chuma kwenye unga wako na utahukumiwa kwa uchafu wa maabara. Omba pia ripoti itaje aluminiamu, titaniamu, lithiamu, sodiamu, potasiamu, chuma, boroni na fosforasi, kila moja na namba yake. Maabara ikikurudishia mstari mmoja tu wa "silika asilimia fulani", irudishe wakuandikie upya.

Kwa kuchambulia mawe ya vioo, naipa bunduki nyota nne kati ya tano. Kwa kuthibitisha daraja la juu, siipi hata moja.