Ile pesa ya kusaidia cheti cha kilimo hai, naipa nyota tatu

Kila nikienda soko kuna mtu ananivuta kando kuniuliza kama ile pesa ya serikali ya kusaidia wakulima kupata cheti cha oganiki, yaani cha kilimo hai kisicho na dawa wala mbolea za kemikali, iko kweli ama ni stori za jaba. Iko. Nimeishika mkononi, si yote lakini nimeishika, sasa wacha niseme nilivyoipata ndio mkienda mjue mnaenda wapi.

Sisi ni kikundi cha watu kumi na wanne huku Bahati, wengi ni wamama, tunalima sukuma, managu, kunde na karoti kidogo. Cheti tulichotafuta ni kile cha PGS, yaani wakulima mnakaguana wenyewe kwa wenyewe badala ya kuita kampuni ya ukaguzi, halafu KOAN, ule mtandao wa kilimo hai Kenya, wakiridhika mnaruhusiwa kuweka ile alama ya Kilimohai kwa mboga. Hapa wengi huchanganyikiwa. Kilimohai inafuata ule mwongozo wa pamoja wa Afrika Mashariki wa 2007 kwa hivyo hapa nyumbani na kwa majirani uko sawa, lakini kama ndoto yako ni kupeleka avokado Ulaya PGS haitakufikisha, kule wanataka kampuni ya ukaguzi wanayoitambua wao, na bei yake ni mlima mwingine kabisa.

Mafunzo, sina neno baya. Afisa tuliyeletewa ni msichana mdogo tu, alikuja na gambuti zake akaingia shambani moja kwa moja, hakutusomea makaratasi. Alitufundisha kuchora ramani ya shamba kwa mkono na kuandika kila kitu kwa daftari, mbegu imetoka wapi, mbolea ya boma ni ya ng'ombe wa nani na alikula nini, umevuna kilo ngapi, umemuuzia nani. Mi nilidhani daftari ni mambo ya watoto wa shule. Siku ya ukaguzi shamba langu liliangaliwa kama nusu saa hivi, daftari wakakaa nalo mpaka chai ikapoa!

Kilichonitesa zaidi ni jirani. Mzee wa hapo chini yangu ana nyanya, anapulizia dawa karibu kila wiki, na jioni upepo wa huku unapanda, unaleta yote kwangu. Wenzangu waliokuja kunikagua waliona hapo kwanza kabla hata ya kuona sukuma. Nikaambiwa nipande nyasi ya nepia mpakani, mistari mitatu, izuie hiyo dawa, na mboga iliyo karibu na huo mpaka nisiiuze kama oganiki. Kwa robo eka hiyo si kitu kidogo jamani, ni kama kukatiwa shuka ukiwa umelala. Nikaenda kwa huyo mzee na bakuli ya githeri nikamweleza, akanisikiliza mpaka mwisho akasema, "Sasa mama, upepo nao ni wangu?" Lakini alielewa, siku hizi anapulizia asubuhi mapema kukiwa kumetulia. Nepia hakuna aliyenilipa, na hiyo hesabu hakuna fomu inayoiuliza.

Sasa pesa yenyewe. Tuliambiwa mradi utabeba sehemu kubwa ya gharama, tukapiga makofi. Kitu hakikusemwa kwa sauti ni kwamba unalipa wewe kwanza, halafu unapeleka risiti, halafu unangoja urudishiwe. Tulitoa akiba ya chama, mama mmoja akauza mbuzi. Mweka hazina akalipa kwa simu yake, kumbe risiti ikatoka na jina lake badala ya la kikundi, ofisi ikakataa, tukarudi mjini mara tatu na kila mara nauli ni yetu na shamba limebaki bila mtu. Miezi saba hivi ndio tukaona kitu. Wanne kati yetu hawajaona hata shilingi, ati jina la kitambulisho na la fomu hayafanani, mwingine ni herufi moja tu imeruka.

Binamu yangu yuko Marekani, anafanya kazi kwa shamba la mboga, nikampigia nikijua huko mambo ni laini. Akacheka. Kumbe hata wao wanalipa kwanza! Wanapeleka cheti na ankara kwa ofisi ya wizara ya kilimo iliyo karibu nao ndio warudishiwe. Tofauti ni kwamba kiwango huandikwa na hujulikana, kama 2023 kilikuwa asilimia 75 ya gharama bila kupita dola 750, na mimea inahesabiwa peke yake, mifugo peke yake, usindikaji peke yake. Na hata hicho kiliwahi kukatwa, 2020 kikashuka hadi asilimia 50 na dola 500, mpaka 2023 ndio kikarudishwa. Tena huko anayeuza oganiki isiyozidi dola 5,000 kwa mwaka halazimishwi kuwa na cheti, bora afuate kanuni. Mi na sukuma yangu ningelala tu.

Hapa kwetu kinachonikera ni hiki, mbolea ya gunia ya ruzuku ilishushwa hadi 2,500 mwaka 2023, unajiandikisha, meseji inaingia kwa simu, unaenda kubeba. Sisi wa mbolea ya boma hatuna meseji. Ya kwetu ni kusikia kwa mtu aliyesikia kwa mtu.

Kama imenilipa? Kuna wateja wa mtaani hununua kwa sababu ya ile alama na hawabishani bei. Mama mboga wa sokoni haniongezei hata bob, kwake sukuma ni sukuma.

Ukienda, ulizia kabla hujatoa pesa risiti inatakiwa kwa jina gani, na hakikisha fomu na kitambulisho vinasoma sawa. Nyota mbili nimenyima kwa hayo tu. Wale wanne bado wanangoja, Jumanne nawasindikiza tena.